Fundi Anajibu: Msumeno wa Nakala, Kutoka Boksi la Vipuri Hadi Gogo la Kwanza

Safu ya mwezi huu imetengwa kwa ajili ya misumeno ya mnyororo, ile ambayo wengi huiita chensoo, na hasa ile ya bei nafuu ambayo mnunuzi huiunda mwenyewe kutokana na seti ya vipuri. Barua nyingine tumezifupisha, na zile zilizouliza jambo moja zimejibiwa pamoja.

Swali: Mzee wetu, shikamoo. Nimenunua seti ya vipuri vya msumeno wa sentimita za ujazo 71. Imekuja katika boksi moja, hakuna hata skrubu moja iliyofungwa, na kitabu cha maelezo hakimo. Jirani yangu anacheka kwamba nimeuziwa feki. Je, nimetupa fedha? Na kama sikuzitupa, ni vipuri gani nisiviamini kabla sijaanza kufunga?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jirani yako amechanganya vitu viwili. Bandia ni kifaa kinachobeba jina na nembo ya kampuni ambayo haikukitengeneza, na huo ni udanganyifu ambao haustahili hata senti moja ya mtu. Nakala ni kifaa kilichofuata vipimo vya mashine ya mwingine lakini kinauzwa kwa jina la yule aliyekitengeneza. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasinakili kazi yake, kwa kawaida hudumu miaka 20, na misumeno inayonakiliwa zaidi, kama vile Stihl MS 440 na MS 660 au Husqvarna 372 XP, ni miundo ya siku nyingi. Silinda yako, kama kweli ni ya sentimita za ujazo 71, bila shaka ina kipenyo cha milimita 50 na mwendo wa pistoni wa milimita 36, kipimo ambacho MS 440 na 372 XP zote mbili hukitumia. Faida ya kunakili kwa uaminifu namna hiyo ni kwamba kipuri kikikusumbua, mara nyingi kile cha asili huingia mahali pake bila kulazimishwa.

Fedha hukuitupa, ila elewa ulichokinunua. Bei imeshuka kwa sababu kuna kazi ambayo haikufanywa, na kazi hiyo ni ukaguzi. Katika kiwanda chenye jina la kulinda, kuna mtu au mashine inayopima kila silinda na kuikataa iliyopotoka. Katika seti yako, mkaguzi ni wewe. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, tandaza kitambaa cheupe mezani, toa kila kipuri kwenye mfuko wake, kioshe kwa petroli safi au mafuta ya taa, kisha kikaushe. Usishangae ukikuta chembe za alumini ndani ya kasha la krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni; hizo ni masalia ya tundu lililotobolewa na kuachwa bila kusafishwa. Chembe moja kama hiyo ikiingia kwenye beringi, utakuwa umejijengea mashine ya kusaga beringi.

Vya kutoviamini kabisa ni vile vidogo kuliko vyote. Cha kwanza ni zile klipu mbili za waya zinazoizuia pini ya pistoni isitoke. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu msumeno wangu wa kwanza wa aina hii ulifanya kazi vizuri kwa matangi mawili na nusu, halafu ukatoa mlio kama kijiko kilichodondoka kwenye sufuria, ukazima. Nilipoivua silinda nilikuta klipu moja imechomoka na kuchora mfereji wima kutoka chini hadi juu, mfereji ambao ukucha wa kidole gumba uliweza kuingia. Aliyeniuzia seti alinijibu kwamba klipu si kitu cha dhamana. Tangu siku hiyo zile zinazokuja na seti nazitupa bila kuzitazama mara mbili, na naweka klipu za asili, nikihakikisha uwazi wake unaelekea juu kabisa au chini kabisa. Pistoni huenda juu na chini maelfu ya mara kwa dakika, na uwazi ukikaa ubavuni, msukumo huo huibana klipu mpaka inachomoka kwenye mfereji wake.

Kingine cha kubadilisha ni beringi ya sindano iliyo kwenye pini hiyohiyo, mpira wa petroli, na ule mpira mwembamba unaopeleka mapigo ya hewa kutoka kwenye kasha la krenki hadi kwenye kabureta. Mipira ya bei rahisi hukakamaa na kupasuka baada ya muda mfupi tu ndani ya petroli. Ringi za pistoni zipime kwanza. Iingize ringi moja ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa silinda ya milimita 50, mwanya usipungue milimita 0.2, kwani ringi ikipata joto hurefuka, na ncha zikigusana haina pa kwenda ila kujikandamiza kwenye ukuta wa silinda.

Sasa chukua tochi, mulika ndani ya silinda. Ukuta wake umepakwa tabaka gumu, mara nyingi nikeli yenye chembe za silikoni kabidi, lenye unene ulio sehemu ndogo ya milimita. Pitisha kidole polepole kwenye kingo za madirisha ambamo hewa na moshi hupita. Ukihisi ukali kama wa kifuniko cha kopo, ringi nayo itauhisi, tena kila inapopita. Ulainishe ukali huo kwa tupa ndogo ya almasi au msasa laini sana, ukisugua kutoka ndani ya silinda kuelekea dirishani, kamwe si kinyume chake, kwa maana ukivuta kutoka dirishani kuja ndani utalibandua lile tabaka. Kazi hii huchukua jioni nzima na haionekani kabisa msumeno ukishafungwa, na nadhani ndiyo sababu wengi huiruka.

Katika kufunga, beringi za krenki usizigonge kwa nyundo. Krenki ya msumeno huunganishwa kwa kushindiliwa, na pigo moja kwenye ncha yake hutosha kuipinda. Pasha moto kasha la krenki hadi nyuzi 150 hivi za selsiasi, na krenki yenyewe ilaze usiku kucha kwenye friza. Chuma kilichosinyaa kitaingia kwenye alumini iliyotanuka kwa uzito wake chenyewe, au kwa kusukumwa kidogo tu na kiganja. Kila skrubu inayoingia kwenye alumini izungushe kwanza kinyumenyume mpaka uhisi imedondoka kidogo ndani ya njia yake, ndipo uigeuze kuikaza. Alumini ya seti hizi ni laini, na uzi ukishapotea tundu zima huwa limeharibika. Skrubu za vishikio zipake tone la gundi ya kuzuia kulegea; zile za eksozi gundi hiyo haizifai, kwa sababu joto huiyeyusha, hivyo hizo zikaze upya baada ya msumeno kuwaka na kupoa mara ya kwanza.

Kabla ya kufunga plagi, pima nafasi inayobaki kati ya kichwa cha pistoni na paa la silinda. Tia kwenye tundu la plagi waya laini wa risasi, ule wa kuunganishia nyaya za umeme, ufikie ukuta wa silinda upande wa pini, zungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni ipite kilele, kisha utoe waya na upime ncha iliyobanwa. Ikiwa chini ya milimita 0.5, usiwashe, kwa sababu vyuma vikipata moto na kasi vitagongana. Ikizidi milimita 1, ambalo ni jambo la kawaida katika nakala, msumeno utakuwa mvivu kidogo lakini hautajiua.

Swali: Juu ya pistoni kuna mshale. Unaelekea wapi?

Jibu: Upande wa eksozi. Ukiugeuza, ncha za ringi zinaweza kuangukia kwenye dirisha, zikajikwaa hapo na kuvunjika katika mizunguko ya kwanza.

Swali: Ndugu Fundi, msumeno niliouunda unawaka vizuri ukiwa baridi. Baada ya dakika chache mlio wake unapanda wenyewe bila mimi kugusa eksileta, halafu unazima. Nimebadilisha kabureta mara mbili na hakuna mabadiliko. Je, ninunue ya tatu?

Jibu: Ndugu yangu, kabureta zote mbili ulizozitoa huenda ni nzima. Mlio unaopanda wenyewe ni dalili ya injini inayovuta hewa kupitia mahali pasipostahili, na hewa hiyo ya wizi haipiti kwenye kabureta, kwa hiyo haiji na petroli. Katika injini ya viharusi viwili jambo hili ni hatari maradufu, kwa kuwa oili inayolainisha pistoni imo ndani ya petroli hiyohiyo. Petroli ikipungua, joto linaongezeka na ulainishaji unapungua kwa wakati mmoja. Acha kuuwasha kabisa mpaka uvujaji upatikane, la sivyo tatizo la mpira mmoja litageuka kuwa la silinda na pistoni.

Uvujaji hutafutwa kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Fungua eksozi, weka kipande cha mpira juu ya dirisha lake, kisha ifunge tena ili iubane mpira huo. Ziba njia ya kuingizia mchanganyiko, unganisha pampu kwenye ule mpira wa mapigo, na ujaze hewa hadi nusu ya baa. Sindano ya geji ikae hapo kwa sekunde 20 angalau bila kushuka. Ikishuka, paka maji ya sabuni yenye povu kwenye maungio, na mapovu yatakuonyesha mwizi: kitako cha silinda, shingo ya mpira iliyo kati ya kabureta na silinda, valvu ndogo ya kupunguzia mgandamizo, au sili za krenki pande zote mbili, nyuma ya flaiwili na nyuma ya klachi.

Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapodanganyika. Midomo ya sili huweza kuzuia hewa inayosukuma kutoka ndani, ila ikaruhusu ile inayovutwa kutoka nje. Kwa hiyo igeuze pampu ivute badala ya kusukuma, hadi nusu ya baa vilevile, na uizungushe krenki polepole kwa mkono wakati unatazama geji. Nimeona sili iliyoshikilia vizuri ikiwa imetulia na kuachia kila krenki ilipofika pembe fulani, kwa sababu shafti ilikuwa na mkwaruzo mdogo mahali pamoja tu.

Injini ikishathibitika kuwa haivuji, ndipo kabureta irekebishwe. Skrubu zenye herufi L (petroli ya mwendo wa chini) na H (petroli ya mwendo wa juu) zifunge taratibu mpaka zikome, bila kuzikaza, kisha zifungue mzunguko mmoja mmoja. Washa, acha ipate moto, na uanze na L mpaka injini ipokee eksileta bila kusita. Ile ya tatu, yenye herufi T au LA, iweke mahali ambapo injini inanguruma bila kuzima na mnyororo umesimama tuli. Kwa misumeno ya ukubwa huu ni kama mizunguko 2,700 au 2,800 kwa dakika. Mwisho ni H, na hapa tumia masikio. Vuta eksileta yote msumeno ukiwa hewani: usikie mlio wa kugugumia, kama mtu anayesukutua maji kooni. Uingize kwenye gogo: kugugumia kuishe na mlio unyooke. Ukiutoa kwenye gogo, kurudi. Msumeno unaolia kwa sauti safi na nyembamba hata ukiwa hewani hupendeza masikioni, lakini petroli yake ni haba mno.

Swali: Karatasi iliyokuja na msumeno inasema nichanganye petroli na oili kwa 25 kwa 1, na chupa ya oili inasema 50 kwa 1. Nimfuate nani?

Jibu: Kiwango cha 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa kila lita ya petroli, kinamlinda mtengenezaji ambaye hajui utatia oili ya namna gani. Ukitumia oili nzuri ya viharusi viwili iliyokusudiwa injini zinazopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FD, ambayo ni daraja la ubora la Kijapani, mililita 20 kwa lita zinatosha kitaalamu. Binafsi, kwa nakala ambayo bado sijaijua tabia yake, hutia mililita 31 hivi, ambayo ni 32 kwa 1, na siilaumu plagi ikiwa nyeusi kidogo. Kumbuka tu kwamba ukiongeza oili umepunguza petroli inayopita katika tundu lilelile la kabureta, kwa hiyo ukibadilisha kiwango, irekebishe upya ile skrubu ya H. Oili ya mashine za boti inafaa injini zinazopozwa kwa maji, hapa iache. Na mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja usiutie kwenye msumeno mpya.

Swali: Nilikuwa nakata vizuri, sasa msumeno unatoa vumbi badala ya vipande, na njia ya kukata inapinda kuelekea kulia. Injini ina nguvu zake zote. Wengine wananiambia ni ubovu wa nakala.

Jibu: Hapa nakala haina kosa. Jino la mnyororo halichani mbao kama jino la msumeno wa mkono. Huchonga, kama randa. Umbo hilo tunadaiwa na Joseph Cox, mkata miti wa Marekani, ambaye mwaka 1946 alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna gogo kwa taya zake mbili, moja kulia na nyingine kushoto, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo ulioiga taya hizo. Randa butu haichongi, inasaga, ndiyo maana unaona vumbi. Na meno ya upande mmoja yakiwa marefu au makali kuliko ya upande wa pili, msumeno huvutwa kuelekea upande huo wenye nguvu, kama mtumbwi wenye mpiga kasia mmoja.

Tafuta jino fupi kuliko yote, unoe mengine yalingane nalo. Kwa mnyororo wa inchi 3/8 tumia tupa ya duara ya milimita 5.5, kwa pembe ya nyuzi 30, ukifuata mstari uliochorwa juu ya jino ikiwa upo. Sukuma tupa kutoka ndani kwenda nje tu, inyanyue unapoirudisha, na uhesabu misukumo ili kila jino lipate sawa. Ukimaliza, ligeuze jino kwenye mwanga. Makali yasiyonolewa vyema hung'aa kama uzi mweupe, kwa sababu yana upana wa kurudisha mwanga. Makali kamili hayaonyeshi kitu, ni weusi tu. Baada ya kunoa mara tatu au nne, pima kile kidole kilicho mbele ya jino, ambacho huamua jino lizame kiasi gani. Kinapaswa kuwa chini ya makali kwa milimita 0.65, si zaidi, maana ukikikata sana msumeno utakuwa unauma na kurukaruka.

Ikiwa bado unapinda baada ya hapo, tatizo ni bamba linaloongoza mnyororo. Lisimamishe kwenye meza tambarare uone kama kingo zake mbili zina kimo kimoja, lipigie tupa ule ukingo uliochomoza, safisha mfereji na tundu la oili, na uligeuze juu chini kila unaponoa. Oili ya mnyororo ipime kwa kuelekeza ncha ya bamba kwenye ubao mkavu na kuvuta eksileta. Mstari wa matone usipotokea, pampu ya oili ndiyo ya kufunguliwa, na hilo katika nakala ni jambo la kutarajiwa.

Swali: Bwana Fundi, breki ya mnyororo ya msumeno wangu ni ngumu kuachia, na mara nyingine inajifunga yenyewe katikati ya kazi. Nimeitoa, na sasa nafanya kazi bila usumbufu. Nauliza tu kama kuna njia ya kuziba tundu lililobaki vumbi lisiingie.

Jibu: Bwana wangu, tundu hilo sitakufundisha kuliziba. Mnyororo wa inchi 3/8 kwenye sproketi, lile gurudumu linalouvuta, ya meno 7, injini ikiwa katika mizunguko 10,000 kwa dakika, hukimbia takriban mita 22 kila sekunde. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba ikigusa tawi usiloliona, nguvu hiyo yote hulirusha bamba juu, kuelekea uso na shingo yako, kabla hujatambua kilichotokea. Breki imewekwa kwa ajili ya mshtuko huo, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuwahi.

Tuitengeneze basi. Breki ngumu katika nakala huwa na sababu mbili. Mara nyingi ni uchafu wa mbao uliochanganyika na oili na kuganda kwenye maungio ambayo hayakutiwa grisi tangu mwanzo: fungua kifuniko, safisha kwa brashi, na utie grisi kidogo kwenye kiungo na kwenye springi, ukiuepusha ule mkanda wa chuma unaolikumbatia gamba la klachi. Sababu ya pili ni mkanda wenyewe kutokaa duara, ukawa unaligusa gamba hata breki ikiwa imeachiwa. Utaona alama ya bluu ya joto mahali panapogusa. Unaweza kuunyoosha kwa mkono taratibu, lakini ukikuta mahali umekwisha na kubaki na unene chini ya milimita 0.6, nunua mpya, na huo uwe wa asili.

Ukishairudisha, ijaribu kwa njia mbili kabla ya kurudi kwenye kazi. Injini ikiwa imezimwa na breki imeachiwa, shika msumeno juu ya kisiki, ncha ya bamba ikiwa kimo cha karibu nusu mita, kisha uachie mkono wa mbele tu ili ncha iangukie kisiki. Breki ijifunge kwa mshtuko huo peke yake. Baadaye uwashe, uuweke chini penye usawa na ukiushika kwa mikono miwili, vuta eksileta yote na usukume kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono bila kuachia mpini. Mnyororo usimame papo hapo. Ukichelewa hata kwa mzunguko mmoja unaoweza kuuona kwa macho, zima, na urudi mezani.